Maji Yaliyokuwa Chini ya Kitanda Chako

Dada Lugano,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mwenzako hali. Nimeuandika mstari huo, kisha nikaukata, kwa sababu hali yako naijua, na yangu sijui niieleze vipi. Basi nitaanza na mvua.

Mvua imefika. Tangu asubuhi inanyesha taratibu, na ukungu umeshuka mpaka kwenye ua wetu hapa mtaa wa Malangali, hata choo cha nyuma sikioni. Mikaratusi inanuka kama ile dawa ya kifua uliyokuwa ukijipaka ukifika jioni, ukilalamika kwamba Sumbawanga ina baridi kuliko kwenu Mbeya. Nimekaa chumbani kwetu. Kitanda chako kiko palepale dirishani. Mama alitaka kukitoa, Bibi akamwambia akiache kwanza. Juu yake nimetandika lile shuka lako lenye maua ya samawati, na chini yake analala kuku. Habari ya kuku nitakuambia.

Wakati mwingine, mvua ikiwa hivi, nasahau. Nasikia mlango wa uani ukilia, nangoja uniambie, "Kimya, leta taa." Kwenye mdomo wa mtu mwingine jina hilo lingeniumiza. Wewe ulilitamka kama vile ni jina la ua.

Nakumbuka siku uliyokuja na sanduku lako la bati. Chuo chenu kilikuwa kidogo kiasi kwamba hakikuwa na bweni la wanawake, ndiyo maana wakakuleta kwetu. Hakuna aliyefikiri mwanamke angekuja. Mlikuwa watatu tu mliosoma kemia ngazi ile ya juu: wewe, Kaka Festo wa Kirando, na Kaka Anthoni asiyecheka. Maabara yenu ilikuwa stoo ya zamani ya mbegu, bado inanuka mahindi. Baba alipotueleza kwamba nyote watatu mmekwisha kupata shahada na bado mnasoma, Bibi aliacha kupepeta ulezi akauliza, "Hivi hawa watu wazima shule yao inaisha lini?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye mkeka wake. Kuanzia siku hiyo Bibi alikupenda, ingawa hakukwambia.

Mtaani waliwaita wapika maji. Watu walichungulia dirishani kwenu, wakaona sufuria za kioo zikichemka tangu asubuhi na hakuna anayetia majani ya chai. "Wale wasomi wetu," mama wa jirani alisema kisimani, "wanachemsha maji, wanayatazama, wanayaandika, halafu wanakwenda nyumbani na kiu." Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo yangu. Nilitamani kukutetea lakini nikainamia ndoo yangu, kama kawaida. Nilipokusimulia jioni, ulijibu kwamba yule mama amesema kweli tupu.

Ulikuwa na msemo wako mwenyewe. Kila Mama alipotaka kumwaga maji ya kuoshea mboga, ungemwambia, "Mama, maji hayamwagwi kabla hayajaulizwa." Naye alikuchekea na kuyamwaga. Mimi sikucheka. Usiku ule wa kwanza uliniambia kwamba maji ni kimya kama mimi, lakini ukiyauliza vizuri hujibu, na hayajui kudanganya. Nilikaa nalo neno hilo muda mrefu gizani. Hakuna mtu aliyewahi kunifananisha na kitu kinachojibu.

Kisha ukaanza kushuka bondeni.

Nitaieleza habari hii kama vile huijui, maana nataka niiweke sawa kichwani mwangu. Kule chini, mbele ya Kaoze, watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Nyumba zikapangwa kwa mistari, na karibu na shule kikachimbwa kisima cha pampu. Walikifurahia. Lakini baada ya miaka kadhaa watoto wadogo wakaanza kuota meno yenye madoa ya kahawia. Wengine walisema ni makaburi waliyoyaacha mahameni, kwenye kijiji chao cha zamani, yanayowadai. Wewe ulihisi ni madini yaliyomo majini, yale mnayoyaita floraidi. Mahameni kwenyewe, mwendo wa kama saa moja, kilikuwapo bado kisima chao cha zamani, na watoto walionyweshwa maji ya huko walikuwa na meno meupe.

Mhandisi wa maji alikuwa anataka kujenga tangi na kutandaza mabomba. Swali lilikuwa moja: mabomba yatoke kisima kipi? Alikubali kuwangoja mpime mwaka mzima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kwa sababu maji hubadilika. Mvua mpya zikianza, alisema, hatangoja tena. Atayatoa palipo na pampu. Basi kila baada ya muda ulipanda lori ukashuka bondeni, ukarudi na vumbi kwenye nyusi na chupa zako za kahawia, zile za dawa ulizoombaomba hospitali. Ulizipanga chini ya kitanda kwa sababu stoo ya chuo ilikuwa na panya. Nilikuwa nikilala nikijua kwamba chini yako pamelala maji ya bonde. Niliota mara nyingi kwamba kitanda chako kinaelea.

Safari ya mwisho ilikuwa ya maji ya kiangazi kikali, ndiyo yaliyobaki. Uliporudi nilikuwa katika mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Ulisema kichwa kinakuuma kidogo. Ulisema umeumwa na mbu, kule chini wapo wengi, huku kwetu baridi imewazuia. Ukala ugali wa ulezi, ukamwambia Mama "ndaga," kama ulivyoshukuru siku zote kwa Kinyakyusa chenu, ukaenda kulala. Malaria ikakupanda kichwani. Hospitalini ulinishika mkono ukaniambia maneno ambayo wauguzi walidhani ni ya homa: "Kimya, chupa. Bado hazijaulizwa." Nikakuitikia kwa kichwa. Sijui kama uliniona.

Sitaandika siku iliyofuata.

Tulikwenda na Baba kukuchukua hospitali. Nyumbani akina mama wa mtaa walikuwa wanaandaa. Wewe hukuwahi kuuona msiba nyumbani kwetu, kwa hiyo huenda hukujua: maiti inapoingia ndani, maji yote yaliyokuwemo humwagwa. Bibi ndiye anayesimamia. Mtungi, ndoo, birika, hata maji ya kikombe kilichosahauliwa. Hayanywewi tena, na hayabaki. Hufanyika kwa heshima, ili marehemu asikute chochote kilichotulia.

Niliporudi nikitembea nyuma ya machela yako, niliona uani kitu kinachong'aa. Zilikuwa chupa zako. Wamezikusanya zote kutoka chini ya kitanda, wamezimwaga, wamezisugua kwa majivu na mchanga ndani na nje, na kuzianika kwenye jua kwa mstari, safi kuliko zilivyowahi kuwa. Mama wa jirani, yuleyule wa wapika maji, alikuwa akiifuta ya mwisho kwa upindo wa kanga yake, huku analia. Alisema, "Vyombo vyake tumevitakatisha, asije akaona aibu."

Walifanya kwa upendo. Ardhi pale uani ilikuwa bado imelowa.

Tukakuzika upande wa juu wa makaburi ya misheni, mahali upepo unapopita. Mama yako alifika baada ya maziko, kwenye lori la ndizi kutoka Tukuyu. Alikaa kwenye kitanda chako akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu alikuwa anasoma nini hasa? Aliniandikia lakini sikuelewa." Nikachuma yale maua ya zambarau yanayotambaa kwenye ua, nikayaponda katika maji ya moto kama ulivyonionyesha. Nikagawa vikombe viwili. Kimoja nikakamulia limau, kikawa chekundu. Kingine nikatia maji ya majivu, kikawa kijani. Mama yako alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ndivyo alivyokuwa anacheza," akatabasamu, na ndipo akalia. Aliondoka na sanduku. Mimi aliniachia shuka na lile koti lako jeupe la maabara, ambalo linanifika magotini.

Baada ya hapo Kaka Festo na Kaka Anthoni walikuja kuzichukua chupa. Walisimama uani wakizitazama, na Baba akawaeleza. Kaka Festo hakukasirika. Alikaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, akachukua chupa moja akainusa, akasema, "Zimeoshwa kwa majivu. Hata kama lingebaki tone, lingetudanganya." Mawingu yalikuwa yanaanza kujikusanya upande wa kusini. Kila mtu pale aliyatazama.

Baba akauliza kwa nini wasiende wenyewe kuchota upya. Kaka Festo akasema maji ya pampu si kazi, lakini kisima cha mahameni ni cha wanawake. Alfajiri wanaoga pale, na wewe ulikuwa unachota nao saa hiyohiyo kabla hakijavurugwa. Ukichota baadaye, lazima tope liwemo, na kipimo hakilingani na vile vya nyuma. "Mimi na Anthoni tuna shahada kila mmoja," alisema, "lakini tukitokeza pua pale alfajiri, tutarudi tumepigwa ndoo za kichwa."

Nikasikia sauti inasema, "Nitakwenda mimi."

Baba aligeuka akatafuta aliyesema. "Huyu?" akasema. "Huyu dukani anamtuma mdogo wake akaombe chumvi kwa niaba yake." Alisema kwa mzaha, kama kawaida yake, lakini macho yake hayakuwa na mzaha. Bibi akajibu badala yangu, kwa Kifipa, kwamba tuliyamwaga sisi, basi nyumba hii ndiyo iyarudishe. Hapo maneno yakaisha.

Wakasuuza chupa kwa asidi na kwa maji ya mvuke, zikanuka ukali mpaka nikapiga chafya. Tukashuka kwa lori la mbolea, mimi na Kaka Festo, na karanga alizozinunua ili, alisema, tupate cha kutafuna wakati wa kuogopa. Sikuwahi kuliona bonde. Pale ukingoni, lori lilipoanza kuteremka, ziwa lilikuwa mbali kule chini, jeupe, halina mwisho, sijui lilikuwa maji au mwanga. Joto likatupanda polepole kama tunaingia ndani ya pumzi ya mtu. Nilisinzia, nikaota uko kando yangu umeshika chupa kwenye mapaja. Nilipoamka, zilikuwa kwenye mapaja yangu.

Alfajiri nilikwenda mahameni peke yangu, nikifuata sauti. Njia inapita katikati ya kuta za nyumba zilizoachwa, na maboga yameota ndani ya vyumba. Wanawake walikuwa wanaongea na kuchekana. Niliposimama, wote wakanyamaza, nikatamani niwe boga.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia. Mmoja mnene, ambaye baadaye nilijua ni Mama Sesilia, aliona chupa, akafurahi. "Hizo nazijua. Wewe ni mdogo wake? Yeye mwenyewe yuko wapi leo, amechoka na joto letu? Mwambie kuku wake amekua. Tulimwahidi jogoo, amegeuka tetea, asitudai."

Wakacheka. Walikuwa hawajui, dada. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Nilitazama nyuma nikitumaini Kaka Festo yupo, lakini alikuwa mbali na asingeweza kufika. Kulikuwa na mimi tu, na wao wanangoja jibu.

Nikasema, "Hayupo tena, mama. Amefariki kwa malaria. Tumemzika."

Walikaa chini, mmoja mmoja, pale walipokuwa, wengine maji yakiwachuruzika. Hawakupiga kelele. Mama Sesilia aliipindua ndoo yake chini juu, na wote wakafanya hivyo, na kwa muda hakuna aliyechota. Nilijua kwamba jua linapanda na mawingu yanapanda nalo, lakini sikuthubutu kusogea.

Halafu Mama Sesilia akajifuta macho, akanyoosha mkono, akachukua chupa kutoka kwangu. Alichota konzi ya majivu kutoka kwenye kopo wanalosugulia sufuria. "Chombo cha marehemu hakiingii majini hivihivi," akasema. "Ngoja tukitakatishe kwanza."

Niliuona ua wetu. Niliziona chupa zimepangwa juani.

"Hapana, mama," nikasema. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. Alinitazama, na wote wakanitazama. Nikaendelea kwa sababu ningenyamaza pale nisingeweza kuanza tena. Niliwaambia kwamba majivu yana ukali wake, na ukali huo unabaki kwenye kioo hata usipouona. Niliwaambia kwamba dada alikuwa anayauliza maji kwa sababu ya meno ya watoto wao, na tukiyachanganya na majivu yatajibu ya majivu. Niliwaambia kwamba nyumbani tulimsafishia chupa zake kwa heshima hiyohiyo, na ndiyo maana nimekuja. Niliwaambia kwamba yeye alisuuza chupa kwa maji ya kisima chenyewe, akayamwaga pembeni, ndipo akajaza. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo, dada, hata kwa padri.

Mama Sesilia akayaacha majivu yamwagike kati ya vidole vyake. "Basi na tusuuze kama yeye," akasema. Akapiga magoti kando yangu, akaishika ile chupa kama anavyoshikwa mtoto anayeogeshwa. Tukajaza. Maji yalikuwa baridi mno, na niliuona uso wangu humo ukitikisika, na nyuma yake nyuso zao zote.

Ya pampu Kaka Festo alikwisha kuyachota. Tulipofika nusu ya mlima, tone la kwanza likagonga kioo cha lori. Dereva akasema, "Hiyo imekuja." Kaka Festo alizivuta chupa karibu. Alivua shati lake akazifunika chupa, akapanda Ufipa kifua wazi, anatetemeka, anaimba vibaya.

Walinikubalia niingie maabara. Nilivaa koti lako. Kaka Anthoni alitia ile dawa yenu ya rangi ya waridi, inayopotea rangi ikikutana na floraidi, kwenye vioo vyote viwili, tukangoja. Dirishani mvua ilikuwa imeziba kila kitu, ungedhani chuo kiko ndani ya wingu. Maji ya pampu yalianza kupauka polepole, waridi ikafifia, ikawa njano kama chai ya mgonjwa. Ya mahameni yalibaki waridi. Yalibaki hivyo, dada. Kaka Anthoni, asiyecheka, aliinua kile kioo kwenye mwanga, akasema, "Yamejibu," akatoka nje akasimama mvuani.

Karatasi imekwenda kwa mhandisi, na jina lako ndilo la kwanza. Ametuma neno kwamba mvua zikipungua atapeleka watu wapige vigingi kuanzia mahameni. Sijui serikali itachukua muda gani. Lakini jibu analo, na hawezi kusema hakuulizwa.

Sasa kuku. Walinipa yule tetea, wakakataa niondoke bila yeye. Bibi amekataza asichinjwe. Amechagua mwenyewe kulala chini ya kitanda chako, pale pale chupa zilipokuwa, na jana ametaga. Nikiamka na kusikia anajigeuza kule chini, kwa muda kidogo najua kabisa kwamba ni maji.

Na pale uani walipoyamwaga maji yako, majani yameota kabla ya kwingine kote. Mama wa jirani ameyaona. Anayazunguka akipita.

Matokeo yangu bado. Sijui nitapelekwa wapi, au kama nitapelekwa. Kaka Festo anasema chuo kitaweka bweni la wanawake, na kwamba ameshawaambia kitanda cha kwanza ni chako, cha pili changu. Anatania. Lakini koti nimelifua na kulining'iniza.

Ninayokuahidi ni haya. Mvua zikikatika nitashuka bondeni, nitakwenda mahameni alfajiri, nami nitawaambia wale mama jibu la maji yao, kwa mdomo wangu mwenyewe, wala si kwa barua. Watakaponiuliza maswali nitajibu. Na mabomba yakifika, nitakuwapo siku mtoto wa kwanza atakapokinga mikono.

Kimebaki kitu kimoja. Baada ya kupima, Kaka Festo aliinua chupa ya mahameni ikiwa na maji yaliyobaki, akataka kuyamwaga kwenye sinki. Nikamwambia, "Ngoja, kaka." Ninayo hapa, mezani, kando ya karatasi hii. Kesho, hata kama mvua haijakatika, nitaipeleka kule upande wa juu wa makaburi ya misheni, mahali upepo unapopita.

Maji yako yameulizwa, dada. Sasa naweza kuyamwaga.

Ndaga, na ulale salama.

Mdogo wako,
Kimya